Kabla ya Kuutuliza Usukani

Iko siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo haijanitoka mpaka leo. Mwanamke mmoja alishuka kwenye basi, akaulizia banda la Fundi Pazi, yaani mimi, hapa Tangini, Kibaha, akaja akasimama pembeni kwa adabu akisubiri nimalize kufunga mnyororo wa pikipiki ya mtu. Nilipoinua uso nikamjua. Alikuwa Mama Kulwa, mke wa Bwana Shija, bwana mifugo wa kule Kisarawe.

Kaa vizuri nikueleze, maana mambo haya ukiyasikia haraka utadhani ni habari za pikipiki tu.

Bwana Shija alikuwa mtu wa kutoka Shinyanga, kazi ndiyo iliyomleta Pwani. Miaka hiyo wafugaji wengi walikuwa wanahamia huku na ng'ombe wao, wakiweka maboma upande wa Mzenga na mbele yake, na ng'ombe wakipata ndigana, ule ugonjwa wa kupe, hakuna aliyeitwa isipokuwa yeye. Alikuwa na pikipiki kubwa, ile aina ya safari ndefu, yenye tangi pana na tairi za meno makubwa. Aliinunua kwenye mradi mmoja uliokuwa umefungwa. Ilikuwa inaunguruma kwa sauti nzito, wafugaji wakiisikia kwa mbali wanaanza kuwafunga ndama kabla hajafika.

Basi, ikatokea akaanguka. Alikuwa katika njia ya Mzenga, pale penye mchanga mwingi, na usukani ukamponyoka mikononi. Wewe ni mpandaji, unajua ninachosema. Usukani unaanza kupiga kushoto na kulia wenyewe, kama mbuzi anayekataa kamba, na kadiri unavyoukaza ndivyo unavyozidi. Alirushwa mbali. Simu za mkononi zilikuwa hazijafika huko, kwa hiyo alilala juani mpaka wachoma mkaa waliokuwa wanapita na baiskeli zao wakamwokota. Kifundo cha mkono wa kulia kilivunjika, na mbavu pia. Alikaa nyumbani muda mrefu na plasta mkononi, na hata plasta ilipotolewa mkono haukurudi kuwa ule wa zamani.

Mdogo wake alikuwa anafanya kazi nje ya nchi. Aliposikia habari ile akatuma kifaa, kikaja na mtu. Leo vijana mnakiita dampa. Ni kitu kidogo tu, kama shokapu nyembamba ya kulala, upande mmoja unafungwa kwenye fremu na upande wa pili kwenye shingo ya usukani. Ndani kina mafuta. Usukani ukitaka kugeuka taratibu, kinauachia. Ukitaka kukurupuka kwa nguvu, kinauzuia. Kwa mtu mwenye mkono dhaifu, anayepita mchangani, ni msaada mkubwa. Bwana Shija alikuja nacho bandani kwangu kwa basi, amekikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mayai, akaniomba niende Kisarawe Jumamosi nimfungie. Nilikubali kwa furaha. Nilikuwa kijana, na kifaa kama kile nilikuwa sijawahi kukishika.

Ndipo siku mbili tatu baadaye akaja mkewe.

Nilimpa benchi akakaa. Aliniuliza hali ya nyumbani, akaniuliza hali ya shangazi yangu niliyekuwa naishi naye, halafu akawa anakunja ncha ya kanga vidoleni. Nikajua lipo jambo. Mwishowe akasema, "Fundi, nimekuja na ombi. Jumamosi ukifika nyumbani, kiangalie kile kifaa, halafu umwambie Baba Kulwa kwamba hakiingii kwenye pikipiki ile."

Nikamwambia, "Mama, mbona nilishakipima kwa macho, kitaingia."

"Najua kitaingia. Ndiyo maana nimekuja kabla ya Jumamosi."

Akanieleza kwamba ofisini walikuwa tayari kumpa mumewe kazi ya kukaa mezani, na yeye alikuwa anaomba usiku na mchana akubali. Lakini tangu kifaa kifike, mwanamume yule alikuwa amefufuka. Asubuhi anakwenda kuifuta pikipiki vumbi. Anaikalia uwani ikiwa imezimwa. "Mimi nikimwambia asipande, ataona ni woga wa mwanamke," alisema. "Wewe ukimwambia haiwezekani, ataamini, na hatamkasirikia mtu."

Mwanangu, ulikuwa uongo mdogo sana, tena wa kumlinda mtu. Hakuniomba kwa hila wala kwa kunizunguka. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilishindwa kukataa na nilishindwa kukubali, nikasema, "Nitaona, mama." Akanishukuru kana kwamba nimekwisha kukubali, akaenda kupanda basi.

Jioni nikamsimulia shangazi. Shangazi yangu Mwanahawa alikuwa Mzaramo wa Mlandizi, mtu wa maneno machache, aliyezoea kulima mpunga kando ya Ruvu tangu msichana. Alikuwa anatwanga kisamvu. Nilipofika mahali pa "nitaona", akasimamisha mchi.

"Ulimwambia nitaona?"

"Ndiyo, shangazi."

"Basi umemrudisha mwenzio nyumbani na jibu ambalo hukumpa."

Akaendelea kutwanga kidogo, kisha akauweka mchi pembeni na kunigeukia kabisa. Hakunikaripia kwa sauti, hakuwa na desturi hiyo. Aliniambia kwamba yule mama hakuwa na haja na uongo wangu. Alikuwa na neno lake la kumwambia mumewe, neno limemkaa kooni, na kwa kuwa limemshinda kulitoa ndiyo amelifunga kwenye kifurushi na kunipa mimi nilipeleke. "Na wewe hujui hata ndani mna nini," alisema. "Ukilipeleka wewe, yeye hatalisema tena maisha yake yote. Mrudishie. Mwambie kwa heshima kwamba huwezi, halafu mwombe awepo unapofanya kazi. Asijifiche jikoni. Awepo pale pale."

Nikamuuliza itakuwaje wakigombana mbele yangu. Akasema, "Watu wa nyumba moja wakigombana si msiba. Wewe shika spana yako, uangalie chini."

Jumamosi nikaenda Kisarawe na mfuko wangu wa vifaa. Nyumba yao ilikuwa juu kilimani, nyuma ya maofisi, na uwani kulikuwa na ubaridi wa asubuhi. Bwana Shija alinipokea kwa furaha, akaingia ndani kukileta kile kifaa. Nikapata nafasi ya kumwambia Mama Kulwa aliyekuwa ananiletea maji. Nilimwambia polepole, "Mama, lile ombi limenishinda, naomba unisamehe. Lakini nakuomba uwepo hapa nikifanya kazi. Ukiwa na la kumwambia, umwambie mbele ya pikipiki yenyewe."

Aliweka kikombe chini, akageuka, akaingia jikoni. Niliumia, maana nilimheshimu.

Sasa nikuambie jambo la kazi, usilisahau hata ukisahau mengine. Kabla hujafunga dampa, inua gurudumu la mbele kwanza. Kifaa kile kazi yake ni kutuliza mtikisiko, na kinautuliza kweli, hata ule mtikisiko ambao haukupaswa kutulizwa. Pikipiki yako ikiwa na ugonjwa shingoni, ukaifunga dampa, utaendesha kwa raha huku ugonjwa unakula ndani. Hilo nilifundishwa tangu siku zangu za kwanza bandani, kwamba usukani unaotikisika unauliza kitu, na fundi asiufunge mdomo kabla hajausikiliza.

Nikaweka kreti ya soda chini ya injini, lakini ili gurudumu la mbele liinuke vizuri nilihitaji mtu wa kukandamiza nyuma. Mkono wa Bwana Shija haukuwa na nguvu hiyo. Akaita mwenyewe, "Mama Kulwa, hebu njoo utusaidie hapa." Mama wa watu akatoka, uso hauna neno, akajifunga kanga vizuri, akaketi kwenye kiti cha nyuma na uzito wake wote. Gurudumu likaning'inia hewani.

Nikaushika usukani kwa vidole viwili tu, nikaugeuza kushoto taratibu, nikaurudisha. Ulipofika katikati ukakwama. Ulikwama kidogo tu, kama unaotumbukia kwenye kishimo. Nikarudia. Ukakwama tena pale pale. Nikainama, nikashika shokapu za mbele kwa chini, nikazisukuma na kuzivuta, nikasikia mlio kwenye shingo. Beringi zilikuwa zimekwisha.

Nikamuuliza Bwana Shija, "Huu usukani ulikuwa unatikisika kabla ya siku ile uliyoanguka?"

Alimtazama mkewe pale alipoketi, akautazama mkono wake, akasema, "Ulikuwa unatikisika. Kwa muda."

Mama Kulwa akauliza kutoka kwenye kile kiti, "Mbona hukusema?"

"Nilidhani ni mikono yangu. Nilidhani nazeeka. Na kama ningekwambia, ungenikataza nisiende."

Niliangalia chini kama nilivyoagizwa. Nikaanza kufungua usukani, nikaulegeza na kuulaza kando, nikaichomoa shingo yenyewe. Beringi ya chini ilikuwa kavu kabisa, grisi imegeuka ugoro, na kwenye ringi yake mlikuwa na vishimo vimejipanga, vyekundu kwa kutu. Ile haikuwa kutu ya miezi michache. Ilikuwa ya zamani, pengine ilianza pikipiki ikiwa bado ya mradi. Nikaisafisha kwa petroli, nikamwekea Bwana Shija kiganjani. Akapitisha kidole kwenye vile vishimo, akatikisa kichwa, akampa mkewe.

Mama Kulwa aliishika muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo alianguka kwa sababu ya hiki?"

Nikamwambia mchanga ulichangia, ila kilichomfanya ashindwe kuudhibiti usukani ni hicho.

"Hata kama asingekuwa na mawazo siku hiyo?"

Sikulielewa swali. Nikamjibu kifundi tu. "Mama, hata angekuwa ametoka kucheka nyumbani, usukani huu mchangani ungemtupa."

Akateremka kutoka kwenye pikipiki, akaenda akakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, akajifunika uso kwa kanga. Mabega yakawa yanatetemeka. Bwana Shija akaniangalia mimi, nami nikaangalia spana yangu. Akaenda akakaa kando yake, si karibu sana, kama mtu asiyejua kama anaruhusiwa.

Ndipo lile neno likatoka. Alilisema huku amefunika uso. Asubuhi ile ya ajali mmoja wa watoto wao mapacha alikuwa na homa, na alimwomba mumewe asiende. Mumewe akasema ng'ombe wa watu wanakufa Mzenga, atarudi mapema. Wakajibizana. Bwana Shija alipofika mlangoni akaaga, na yeye akaendelea kuosha vyombo, akajifanya hakusikia. "Ulisimama," alisema. "Nilijua umesimama unasubiri. Sikugeuka. Mchana wakaja kuniambia umeokotwa njiani. Tangu siku hiyo najua niliyekuangusha ni mimi."

Mimi nilishika kitambaa nikawa nafuta bolti ambayo ilikwisha kuwa safi.

Bwana Shija akasema, na sauti yake ilikuwa ya mshangao wa kweli, "Mimi wala sikumbuki kama hukuitikia. Nilikuwa nawaza ng'ombe wa watu."

Mama Kulwa akaifunua kanga. Alimtazama mumewe kama mtu aliyebeba mzigo kutoka Kisarawe mpaka Kibaha kwa miguu, halafu akaambiwa mzigo wenyewe haukuwa wa mtu. Akaanza kucheka na machozi yanamtoka, na mumewe naye akacheka, akishika mbavu maana zilikuwa bado zinamuuma. Nami nikacheka kidogo, nikiwa nimeinama.

Sasa fikiri, mwanangu. Kama ningesema kile kifaa hakiingii, ile pikipiki ingeegeshwa, shingo isingefunguliwa, na mama yule angekwenda nalo lile neno mpaka kaburini. Angekuwa amempata mumewe nyumbani, salama, na kila akimwangalia angekuwa anamwona mtu ambaye yeye ndiye aliyemvunja mkono. Na kama ningefanya kama vijana wengi wanavyotaka, nikafunga dampa haraka haraka bila kuinua gurudumu, Bwana Shija angerudi mchangani na beringi mbovu iliyonyamazishwa, na sijui kama safari hiyo ya pili wachoma mkaa wangemkuta hai.

Kazi haikuisha siku ile. Nilienda Kariakoo kutafuta beringi, nikazikosa, nikarudi tena nikazipata kwa mtu mmoja aliyekuwa na vitu vya pikipiki kuukuu. Jumamosi iliyofuata nikapanda tena Kisarawe. Safari hii Mama Kulwa alikuwa uwani kabla yangu, ametandika gunia chini ili bolti zisipotee mchangani. Nikapaka grisi ya kutosha, nikapachika beringi, nikakaza shingo mpaka usukani ukawa unateremka wenyewe polepole kila upande bila kukwama. Hapo ndipo nikakichukua kile kifaa. Nilikifunga kwenye fremu kwanza, kisha kwenye shingo, nikaugeuza usukani mpaka mwisho wa kushoto na mwisho wa kulia kuhakikisha fimbo yake haiishii njiani, maana ikiishia, dereva atakata kona usukani ugome. Kitufe chake cha kukaza nikakiacha kwenye ulaini. Bwana Shija alitaka kikazwe sana. Nikamwambia kikikazwa sana utakuwa kama unaendesha kwenye tope, kila kitu kitakuja kimechelewa.

Nikaijaribu mwenyewe kuteremka kilima kuelekea Pugu na kurudi. Kisha akaipanda yeye. Kabla hajawasha, mkewe akasimama mbele ya gurudumu. Nikadhani sasa atamkataza, na nadhani hata mumewe alidhani hivyo.

Akasema, "Baba Kulwa, mimi sitaki upande hii pikipiki. Nakwambia wewe, simwambii mtu mwingine. Lakini najua utapanda. Basi mvua za masika usivuke Mzenga. Na mkono ukikuuma, urudi uniambie unauma."

Bwana Shija akafikiri, akasema, "Masika sitavuka. Na mkono nitakwambia."

Akamwondokea mbele, naye akawasha, akaenda.

Alilishika neno lake. Wafugaji wa mbele ya Mzenga walilalamika masika ya kwanza, wakasema daktari amekuwa mvivu, lakini baadaye wakazoea kuwaleta ng'ombe upande wa huku kabla ya mvua. Mkono haukupona kabisa. Miaka ilipopita, yeye mwenyewe bila kusukumwa alimwambia mkewe kwamba mkono umeanza kumshinda, akaomba ile kazi ya mezani, pikipiki akamuuzia kijana mwingine wa idara. Alistaafu salama, wakarudi kwao Shinyanga. Hakuwahi kuanguka tena.

Mwanangu, siku hizi mnanijia hapa na pikipiki nzuri kuliko ile, na dampa mpya ndani ya nailoni, mmeshaangalia kwenye simu jinsi inavyofungwa, mnataka saa ile ile muondoke. Siwalaumu. Hata mimi nilikuwa na haraka. Ila nakusihi mambo haya uyabebe. Kitu kikikutikisa, kiwe chuma au kiwe moyo, usitafute kwanza cha kukinyamazisha. Kiinue, kigeuze taratibu, usikie kinakwama wapi. Ukiwa na neno kwa mtu wako wa karibu, mpelekee mwenyewe, hata kama litatoka vibaya, hata kama utalisema umefunika uso. Na mtu akikutuma umsemee uongo nyumbani kwake, usimdharau na usimpe jibu la nusu kama nililompa mimi. Mrudishie kwa heshima, kisha umsaidie kufika mahali pa kulisema. Ukikuta mambo ya watu yanafunguka mbele yako, angalia chini ufanye kazi yako, na ukitoka usiyatangaze. Haya nakusimulia leo kwa kuwa wenyewe walinipa ruhusa, wakasema iwapo yatamfaa mtu.

Nenda sasa. Mungu akupe mikono mitulivu na masikio ya kusikia mapema. Akupe mwenza wa kumwambia panapokuuma, naye akuambie pake. Njia za mchanga zikupitishe, na jioni ikukute mlangoni kwako, ukibisha hodi kwa mkono wako mwenyewe. Amina.